Gigozi yenye tumbo ndani

Nilianza kuuza maharagwe na unga sokoni Virunga mwaka 2020, na sikuanza kwa kupenda. Machi mwaka ule shule zilifungwa kwa ajili ya korona. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na huku Goma, mashariki ya Kongo, sehemu kubwa ya riziki ya mwalimu hutoka mifukoni mwa wazazi. Shule ikifungwa, na mifuko inafungwa. Tulikula pesa ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, wiki sita. Wiki ya saba nilimfuata mama mmoja tuliyekuwa tunaimba naye korali, mwenye meza yake sokoni, nikamwambia: "Mama, unifundishe kazi."

Alinifundisha vizuri, sitamsema vibaya. Alinionyesha jinsi ya kutambua maharagwe mapya ya Masisi na yale ya msimu uliopita yaliyopakwa mafuta kidogo ili yang'ae. Alinionyesha jinsi ya kunusa unga uliolala, na jinsi ya kuongea na vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanaoteremka na magunia kutoka Kibumba: usimpigie kelele akiwa bado anatoa jasho, mpe maji kwanza, bei itafuata. Mwishoni akainama, akatoa chini ya meza gigozi mbili.

Kwa asiye wa huku, gigozi ni mkebe wa maziwa ya watoto. Jina la maziwa limekuwa jina la kipimo, na Goma au Bukavu hautakosa kuiona mbele ya mama wa soko. Moja ya zile mbili ilikuwa nzima. Nyingine kitako chake kilikuwa kimepigwa kikaingia ndani, ukitia mkono unakuta kilima kizima kimekaa pale chini.

"Hii nzima ni ya kununulia kwa watu wa shamba," akasema. "Hii yenye tumbo ni ya kuuzia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama nitaweza kufika kwenye mazoezi ya korali siku ya Alhamisi.

Gunia la kilo mia, kwa gigozi nzima, lilinipa vipimo sitini na mbili hivi. Kwa ile yenye tumbo, sitini na sita. Nne za bure. Nne hazionekani, mteja akikuangalia unajaza mpaka juu, unapangusa kwa kiganja, unamwongezea na matabishi ya punje chache, anaondoka akikushukuru. Hilo ndilo lililokuwa likinifurahisha zaidi, naona aibu kulisema: kwamba waliniita mama mkarimu kwa sababu ya zile punje za mwisho.

Na zile nne zilikuwa zinakwenda wapi? Zilikwenda kanisani, karibu zote. Hapa nataka kusema polepole, kwa sababu ndipo nilipojidanganya muda mrefu. Nyumbani tulikuwa tunakula kwa faida ya kawaida ya gunia. Lakini kanisa lina mambo yake. Kuna sadaka ya kila ibada, kuna fungu la kumi, kuna toleo la ujenzi maana kanisa letu ni la mbao juu ya jiwe la volkano na kila mwaka tunasema mwaka huu tunaweka matofali. Kuna mchango wa wageni, wa kilio, wa semina ya wamama. Kuna kikwembe cha sare, na kikwembe si kitambaa tu, ni kitambaa na fundi na kilemba chake. Mwanamke asiyechanga hafukuzwi na mtu. Anasogea nyuma mwenyewe, benchi moja moja, mpaka siku moja amekaa mlangoni. Mimi sikutaka kukaa mlangoni. Sisemi michango ni mibaya, mwanangu alipolazwa ni michango hiyo hiyo ilitutoa hospitalini. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa naiba sokoni ili nionekane mwaminifu kanisani, na hesabu ilikuwa inatoka sawa kila wiki. Desemba 2021 wakanifanya shemasi.

Kabla ya hapo, mwezi wa tano mwaka ule ule, mlima wa moto Nyiragongo ulitutoa nyumbani. Jumamosi tarehe 22 usiku mbingu ikawa nyekundu, watu wakakimbia, wengine Gisenyi upande wa Rwanda, wengine kuelekea Sake. Sisi tulibaki. Waliokuwa watu wazima mwaka 2002, moto ulipokata mji katikati na kumeza hata kanisa kuu la Wakatoliki, walituambia jiwe la moto likisimama Buhene, pembeni ya mji, halitafika mtaa wa Majengo, na kweli halikufika. Lakini ardhi haikutulia, iliendelea kutikisika siku baada ya siku, na asubuhi ya tarehe 27 serikali ikatangaza mitaa kumi ihame mara moja. Yetu ilikuwemo. Tulibeba watoto, godoro moja, sufuria, na mimi kichwani nilikuwa na gunia nusu na gigozi juu yake. Tulipofika Mugunga mume wangu akaniuliza Biblia iko kwa nani. Ilikuwa imebaki mezani. Gigozi sikuisahau.

Tulilala Sake katika banda la kanisa, watu wengi mno, miguu ya huyu kichwani pa yule. Mama mmoja mwenyeji alipika maharagwe kwa pipa la mafuta lililokatwa, akawa anagawa kwa sahani yoyote iliyoletwa, kubwa au ndogo, bila kuuliza dini wala kabila wala tumetoka mtaa gani. Ningependa kuwaambia kwamba usiku ule nilitubu. Sikutubu. Nilifikiri: huyu mama hajui biashara.

Sasa nifike kwa ule mstari. Kanisani kwetu kabla ya sadaka husomwa mara nyingi Luka 6:38, na tangu niwe shemasi nilikuwa naupewa mimi kwa sababu wanasema sauti yangu inafika nyuma. "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa; kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika, ndicho watu watakachowapa vifuani mwenu." Halafu ngoma, halafu watu wanatoka kwa mistari wakicheza. Nilikuwa nausoma kwa moyo. Ninaijua kazi ile ya kushindilia na kusukasuka, ndiyo kazi ya mikono yangu siku sita za wiki. Lakini mstari haukomi pale kwenye "vifuani mwenu". Kuna sentensi moja inafuata, na kwetu ngoma huwa zimeshaanza.

Mwanzoni mwa 2023 wakimbizi wa vita kutoka Rutshuru walikuwa wamejaa kambi ya Kanyaruchinya. Wengi walikuwa wanateremka mjini asubuhi kutafuta kibarua cha kufua au kubeba, jioni wanapita sokoni na zile pesa kidogo. Siku moja, saa ya kufunga meza, akaja mama mwenye mtoto mgongoni, akaomba unga gigozi moja. Nikapima, nikajaza, nikapangusa, nikaongeza matabishi. Hakuwa na mfuko. Alikuwa na gigozi yake mwenyewe, nzima, yenye kutu pembeni, nafikiri ndiyo waliyokuwa wakinywea uji kule kambini. Nikamimina unga ndani yake.

Haukufika juu. Ulibaki umbali wa kidole hivi, pamoja na matabishi yangu.

Tuliangalia wote wawili. Mtoto naye aliangalia, maana watoto huangalia penye macho ya mama zao. Nilingoja anitukane, nilikuwa hata na jibu tayari, jibu tulilofundishana pale sokoni: "Mama, mikebe haifanani, viwanda ni vingi." Yeye akasema kwa upole tu: "Kwetu tulikuwa tunalima, mama. Mkono unajua." Akalipa bei yote, akafunika mkebe wake kwa kiganja ili upepo usipeperushe, akaenda.

Sikumwita. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwita, alikuwa hajavuka hata meza tano. Nilikuwa naogopa jirani zangu wa meza wasisikie.

Usiku ule nilifungua Luka nikasoma mstari wote: "Kwa kuwa kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa." Nikaenda Kumbukumbu la Torati 25, mahali Mungu anapokataza mtu kuwa na kipimo kikubwa na kidogo ndani ya nyumba moja, nikaona ni kama mtu alikuja kuchungulia chini ya meza yangu. Mume wangu aliamka akanikuta na kalamu. Nilikuwa nafanya hesabu ya Zakayo. Gunia moja kwa wiki, karibu miaka mitatu, gigozi nne kwa gunia: karibu mia sita. Karibu magunia kumi. Na Zakayo alisema atarudisha mara nne.

"Magunia arobaini," nikamwambia.

Mwalimu akachukua karatasi, akakagua hesabu kama anasahihisha mtihani, akasema ni sahihi, akarudi kulala. Asubuhi tu ndipo aliponiuliza: "Na ile fungu la kumi, tulikuwa tunaitoa juu ya faida yote, hata ya wizi?" Tulikuwa tunaitoa juu ya yote. Tulitazamana tukashindwa tucheke au tulie.

Nilimweleza mchungaji. Alinisikiliza vizuri, akaniombea, kisha akanishauri nitoe sadaka ya toba kwa ajili ya ujenzi, kadiri Roho atakavyoniongoza, na jambo liishe. Ni mtu mwema, na nilijua matofali yanahitajika. Lakini nilitoka pale mzito kuliko nilivyoingia. Unga ulikuwa wa yule mama. Kanisa lilikuwa limeshapata fungu lake mara nyingi.

Aliyenisaidia ni mama mzee mmoja wa korali, asiyejua kusoma, anayeshika nyimbo zote kwa kichwa. Nilimkuta anachambua sombe. Nilipomaliza kusimulia hakuniombea. Aliniuliza: "Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Hiyo gigozi."

"Iko sokoni."

"Ah. Basi kwanza uende uinyooshe. Ukishainyoosha ndiyo uje tulie."

Kuna fundi wa mabati kule Birere anayetengeneza mbabula na karai. Nilimpelekea. Aliigeuza mkononi, akaingiza ngumi ndani, akaanza kucheka mpaka wenzake wakasogea. "Mama, hii ni kazi yangu mwenyewe, nyundo yangu naijua. Wamama wananiletea niingize, wewe ndiye wa kwanza kuniambia nitoe." Akanitoza mara mbili ya bei ya kubonyeza, akisema bati likishazoea kuinama linataka subira. Hata hivyo halikunyooka kabisa, mpaka leo kuna mikunjo, na ukiitikisa inatoa mlio wa peke yake.

Wiki zilizofuata sizitamani. Gunia ni lile lile, vipimo vimerudi sitini na mbili, na bei ya soko imepangwa na wenye gigozi za tumbo. Nikiuza kwa bei yao faida inakuwa ya kununua chumvi. Nikipandisha franga mia mbili mteja anaenda meza ya pili, kwa sababu mteja husikia bei kabla ya kuona mkebe. Nilijaribu kueleza, kueleza ndiko kulikoharibu. Ukisema "yangu ni nzima", umesema na za wengine. Yule mama aliyenifundisha kazi alikuja na wenzake wawili, wakaniuliza kama nimetumwa kuwafunga. Mmoja, Mkatoliki, mwenyekiti wa shirika la mtaani kwao, akaniambia: "Sisi wote tunasali, mama. Usijifanye wewe ndiye umefika mbinguni wa kwanza." Nilinyamaza. Alikuwa na haki kidogo, maana ndani yangu nilikuwa nimeanza kujiona kweli, ni ugonjwa unaoingia haraka sana.

Nilichofanya mwishoni si cha kishujaa. Niliacha kupima unga kwa gigozi peke yake. Nikanunua mizani ndogo ya mkono kwa wanaotaka kilo, na wa gigozi nikawa nawaambia wachague kati ya mkebe na mizani. Wapishi wa mikahawa midogo ndio walioniokoa, kwa sababu wao wanapika kwa hesabu na walishagundua zamani kwamba gigozi tano za soko hazijazi sufuria ya gigozi tano. Walihamia kwangu mmoja mmoja, kimya kimya. Ilichukua karibu mwaka mzima kurudi pale nilipokuwa.

Mwaka huo kikwembe cha siku ya wanawake sikununua. Niliimba nimevaa cha zamani, nikawekwa safu ya nyuma ili picha ipendeze, na dada mmoja akaniuliza kwa sauti ya huruma kama mume amefukuzwa kazi. Nilijibu biashara imebadilika. Ni kweli, lakini nililijibu kwa namna ya kumfanya anihurumie, na usiku nikajua kwamba hata pale nilikuwa nimebonyeza kidogo.

Yule mama wa Kanyaruchinya nilimtafuta. Nilipanda kambini mara tatu na kilo tano za unga, nikatembea kati ya vibanda vya maturubai juu ya jiwe jeusi, namwelezea mama mwenye mtoto mgongoni na gigozi yenye kutu. Kila mmoja pale ni mama mwenye mtoto mgongoni. Mara ya tatu niliacha ule unga kwa familia ya kwanza iliyonipa kiti. Februari 2025 kambi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, na sasa hata pa kumtafutia sipajui.

Wiki chache kabla ya hapo, mwishoni mwa Januari, waasi wa M23 walikuwa wameingia mjini. Sitasimulia siku zile, kila mtu wa Goma ana za kwake. Maji na umeme vilikatika, watu wakateka maji ziwani, soko likafungwa. Benki nazo zikafunga, na mshahara wa mwalimu ulikuwa unapitia benki. Maghala yakavunjwa, hata ya misaada. Siku ya nne kijana tunayemfahamu akasukuma chukudu mpaka mlangoni kwetu, imejaa vidumu vya mafuta na unga wenye alama za msaada. Bei yake ilikuwa robo ya bei. Nyumbani tulikuwa na watoto wetu watatu, na wanne wa shemeji, na nusu debe la makala ya kupikia. Kijana akaniambia: "Mama shemasi, chukua, wenyewe wameshakimbia."

Nilichukua kidumu kimoja. Nililipa. Nilijua ni cha nani, alama ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na jioni nilipika, na watoto walikula, na nilipofumba macho kushukuru kwa chakula neno halikutoka, mume wangu akaombea badala yangu.

Mchungaji sijamwambia. Soko lilipofunguka nilimwambia mama mzee wa korali. Alikuja mezani kwangu na fimbo yake, akakaa kwenye gunia, nikamsimulia huku nikipanga. Nilingoja aniambie kama ni dhambi au ni vita. Alinyamaza muda mrefu, anaangalia watu wanaopita na noti zao zilizochakaa mpaka huwezi kusoma namba.

Halafu akasema: "Unipimie maharagwe, nusu."

Nilipoichukua gigozi akanishika mkono, akaichukua yeye, akaigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye kitako chote, polepole, kwenye mikunjo ile yote. Akanirudishia. Kisha akafungua pindo la kikwembe chake na kuanza kuhesabu pesa.